Kutathmini Ushirikiano na Maendeleo katika Mradi wa Usanifu wa Wanafunzi

Uhandisi ni kazi ya watu wengi. Daraja, bwawa la umeme au mtambo wa kukamulia mafuta hauundwi na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Yupo anayepima ardhi, yupo anayekokotoa, yupo anayechora, yupo anayechomelea chuma, na yupo anayetunza hesabu ya fedha. Kwa sababu hiyo shule za ufundi na vyuo vya uhandisi huwapa wanafunzi miradi ya kufanya kwa makundi, ili wajizoeze kufanya kazi pamoja kabla ya kukabidhiwa kazi ambazo maisha ya watu yatazitegemea.

Hata hivyo mradi wa kundi humletea mwalimu tatizo ambalo mtihani wa kawaida haumletei. Katika mtihani kila mwanafunzi hukaa peke yake na karatasi yake. Katika mradi huletwa kitu kimoja mezani, na majina matano yameandikwa juu yake. Je, wote watano wapewe alama sawa? Ikiwa mmoja wao alifanya kazi ya wawili, na mwingine hakufikisha hata nusu ya kazi yake, basi alama sawa ni dhuluma kwa wa kwanza na ni zawadi ya uvivu kwa wa pili. Na ikiwa mwalimu atagawa alama kwa kukisia, akimtazama nani aliyesema sana siku ya maonyesho, huenda dhuluma ikazidi.

Makala haya yanaonyesha njia ya kulitatua tatizo hilo. Hoja yake kuu ni kwamba ushirikiano na maendeleo hupimwa kwa ushahidi unaokusanywa wiki kwa wiki, kazi ikiwa inaendelea. Havipimwi kwa kukitazama kitu kilichokamilika siku ya mwisho, wala kwa kusikiliza maelezo ya msemaji wa kundi.

1. Nguvu ya kundi na jumla ya nguvu za watu wake

Wahenga walisema umoja ni nguvu, na hapana anayebisha. Lakini mwanasayansi hapaswi kutosheka hapo. Humpasa aulize nguvu hiyo ni kiasi gani. Swali hilo liliulizwa na Max Ringelmann (1861–1931), profesa wa uhandisi wa kilimo nchini Ufaransa. Aliwataka watu wavute kamba, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi, naye akapima nguvu iliyotumika. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 yalionyesha kwamba kadiri kundi lilivyokua, ndivyo mchango wa kila mtu ulivyopungua. Ikiwa nguvu ya mtu avutaye peke yake itahesabiwa kuwa 100, wastani wa kila mtu ulikuwa kama ifuatavyo:

Watu 2: 93
Watu 4: 77
Watu 8: 49

Kwa maneno mengine, watu wanane walivuta kwa nguvu isiyofikia ya watu wanne wanaovuta mmoja mmoja.

Upungufu huo una sababu mbili, na yafaa mwalimu azitenganishe. Sababu ya kwanza ni kukosa mpangilio: huyu anavuta sasa, yule anavuta baadaye kidogo, na nguvu zao hazikutani. Sababu ya pili ni kulegea kwa hiari: mtu akijua kwamba wengine wapo, na kwamba hakuna atakayeutambua mchango wake, hupunguza bidii bila hata kukusudia. Mwaka 1974 Alan Ingham na wenzake nchini Marekani walizitenganisha sababu hizo kwa ustadi. Walimfunga mtu macho wakamwaminisha kwamba nyuma yake wapo wengine wanaovuta kamba pamoja naye, kumbe anavuta peke yake. Hapakuwa na suala la kukosa mpangilio, na bado mtu huyo alivuta kwa nguvu pungufu. Mwaka 1979 Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins walipata matokeo ya namna hiyo hiyo kwa kuwataka wanafunzi wapige makofi na kupaza sauti kwa nguvu zao zote.

La manufaa zaidi kwa mwalimu ni yale ambayo watafiti hao watatu waliyaonyesha mwaka 1981. Watu walipojua kwamba sauti ya kila mmoja inaweza kutambuliwa na kupimwa, kulegea huko kulitoweka. Basi kulegea ndani ya kundi si tabia ya kuzaliwa nayo wala si ila ya watu wa mahali fulani. Ni jambo linalotokana na jinsi kazi ilivyopangwa, na kwa hiyo laweza kurekebishwa na yule anayeipanga.

Ukubwa wa kundi nao una hesabu yake. Katika kundi la watu n, idadi ya jozi za watu wanaohitaji kuelewana ni n(n − 1) ÷ 2. Kundi la watu 3 lina jozi 3. La watu 5 lina jozi 10. La watu 8 lina jozi 28. Frederick Brooks, aliyesimamia uundaji wa programu kubwa za kompyuta katika kampuni ya IBM miaka ya 1960, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika kazi iliyochelewa huichelewesha zaidi, kwa sababu wageni wanahitaji kufundishwa na idadi ya mazungumzo huongezeka. Kwa mradi wa shule, kundi la watu 4 au 5 linatosha.

2. Mfano wa mradi: pampu ya kamba

Kanuni hufahamika vizuri zaidi zikitumiwa katika kazi halisi. Na ichukuliwe kwamba wanafunzi watano, watakaoitwa A, B, C, D na E, wamepewa muda wa wiki 10 kusanifu na kutengeneza pampu ya kamba kwa ajili ya kisima cha shule, ambacho maji yake yako mita 10 chini ya ardhi.

Pampu ya kamba ni chombo rahisi. Ilienea sana nchini Nicaragua tangu miaka ya 1980, na baadaye ikafika katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Bomba la plastiki husimamishwa kisimani. Kamba iliyoungwa ncha zake hupita ndani ya bomba ikipanda, hupinda juu ya gurudumu, kisha hushuka nje ya bomba. Kwenye kamba hiyo hufungwa vizibo vidogo vya mpira au plastiki, kila kimoja umbali wa mita moja hivi kutoka kwa mwenzake. Mtu anapolizungusha gurudumu kwa mkono, kila kizibo hupanda na maji yaliyo juu yake mpaka yakamiminika kwenye mdomo wa bomba. Gurudumu lenyewe laweza kutengenezwa kwa kuta za tairi kuukuu la gari.

Kabla ya kukata chuma chochote, wanafunzi huandika mahitaji yanayopimika. Kusema "pampu iwe nzuri" si mahitaji, kwa kuwa hakuna awezaye kuthibitisha wala kukanusha. Mahitaji yafaayo ni kama haya: ndoo ya lita 20 ijae kwa muda usiozidi dakika 2, mtoto wa miaka 12 aweze kuizungusha bila kuchoka upesi, na kila kipuri kipatikane katika maduka ya wilaya.

Kisha hukokotoa. Ikiwa kipenyo cha ndani cha bomba ni milimita 20, eneo la mlango wake ni 3.14 × 10 × 10, yaani milimita za mraba 314. Kamba ikienda kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, maji yanayopanda, pasipo kuvuja, ni lita 0.314 kwa sekunde, na ndoo ya lita 20 itajaa kwa sekunde 64 hivi. Kazi ya kuyainua maji hayo mita 10 ni 0.314 × 9.8 × 10, ambayo ni wati 31 hivi. Mtu mzima mwenye afya aweza kufanya kazi kwa kiasi cha wati 75 kwa muda mrefu. Kwa hiyo usanifu huu unaahidi kufanikiwa hata baada ya kuondoa kinachopotea kwa msuguano.

Lakini hesabu hiyo inasimama juu ya neno moja: "pasipo kuvuja." Kizibo chenye kipenyo cha milimita 18 ndani ya bomba la milimita 20 huacha wazi asilimia 19 ya mlango, kwani (400 − 324) ÷ 400 = 0.19. Kizibo cha milimita 19.5 huacha asilimia 5 tu. Kwa upande mwingine, kizibo kinachobana mno hukwama na kumchosha anayezungusha. Msomaji akumbuke jambo hili la vizibo, kwani litarudi mbele.

3. Kupima maendeleo

Kundi linapoulizwa limefika wapi, jibu la kawaida ni "karibu tunamaliza." Jibu hilo si uongo wa makusudi. Mtu aliyeanza kazi saba huziona zote saba zinatembea, wala hatambui kwamba hata moja haijafika. Dawa yake ni ratiba iliyoandikwa na kanuni kali ya kuhesabu.

Ratiba ya kazi kwa mistari inayolingana na muda huitwa chati ya Gantt, kwa jina la Henry Gantt (1861–1919), mhandisi wa Marekani aliyeieneza. Kwa mradi wa pampu, kazi na muda wake zaweza kupangwa hivi:

(1) Kupima kisima na kuandika mahitaji: wiki 1
(2) Kuchora na kukokotoa: wiki 2
(3) Kununua na kukusanya vifaa: wiki 1
(4) Kutengeneza gurudumu na fremu: wiki 3
(5) Kukata vizibo, kuvifunga na kuvijaribu: wiki 2
(6) Kuunganisha pampu kisimani: wiki 1
(7) Kujaribu na kurekebisha: wiki 2

Kazi ya 4 na ya 5 huanza pamoja mara vifaa vikipatikana, na kazi ya 6 haiwezi kuanza mpaka zote mbili ziishe. Jumla ya muda kwa kupitia kazi ya 1, 2, 3, 4, 6 na 7 ni wiki 10 kamili, bila nafasi hata ya siku moja. Njia hii ndefu kuliko zote huitwa njia ya lazima. Utaratibu wa kuitafuta ulibuniwa katika kampuni ya Du Pont ya Marekani mwaka 1957, na mwaka uliofuata jeshi la majini la nchi hiyo likaunda utaratibu unaofanana nao kwa mradi wa makombora ya Polaris. Gurudumu likichelewa wiki moja, mradi wote utachelewa wiki moja. Vizibo vikichelewa wiki moja, hakuna kitakachoharibika, kwa kuwa vina wiki moja ya ziada. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo anaweza kumkemea asiyestahili na kumwachia anayeuchelewesha mradi.

Kanuni ya kuhesabu ni hii: kazi haipewi thamani yoyote mpaka ushahidi wa kukamilika kwake uonekane. Ushahidi uandikwe kabla kazi haijaanza. Michoro imekamilika pale mwanafunzi asiye wa kundi hilo anapoweza kuitengeneza sehemu mojawapo kwa kufuata mchoro peke yake. Gurudumu limekamilika pale linapoibeba kamba yenye mzigo wa kilo 3.1, ambao ni uzito wa maji yanayojaa bomba la mita 10, bila kamba kuteleza. Vizibo vimekamilika pale vyote vilivyofungwa vinapopita ndani ya bomba bila kukwama.

Na ichukuliwe kwamba mwisho wa wiki ya 6 umefika, na kundi linadai limefikia robo tatu ya mradi. Kila kazi ipewe thamani sawa na wiki zake. Jumla ni 12. Kwa mujibu wa ratiba, mpaka siku hiyo kazi ya 1, 2, 3 na 5 zilipaswa kuwa zimekwisha, yaani thamani 6. Mwalimu anakagua na kukuta kazi ya 1, 2 na 3 zina ushahidi. Vizibo vimekatwa, lakini havijapitishwa kwenye bomba. Gurudumu limefungwa, lakini halijapewa mzigo. Thamani iliyothibitika ni 4. Basi kundi limefanya 4 ÷ 6, yaani asilimia 67 ya lililopaswa kufanywa mpaka siku hiyo, na asilimia 33 tu ya mradi mzima. Baina ya theluthi moja na robo tatu pana umbali mkubwa, na heri umbali huo ugunduliwe wiki ya 6 kuliko wiki ya 10.

Hesabu hii si fimbo. Lengo lake ni uamuzi. Katika hali iliyoelezwa, uamuzi wa busara ni kulijaribu gurudumu kwanza, kwa kuwa liko kwenye njia ya lazima, na kumwazima mtu mmoja kutoka kazi ya vizibo kwa siku chache, akiwa na maelekezo ya kutosha.

4. Kupima mchango wa kila mmoja

Maendeleo ya kundi yakishapimwa, labaki swali gumu zaidi: nani alifanya nini? Ushahidi wake unatoka sehemu tatu, na hakuna hata moja inayotosha peke yake.

Sehemu ya kwanza ni daftari la kazi. Kila mwanafunzi awe na lake, lenye kurasa zilizotiwa namba, na kila anapofanya kazi aandike tarehe, alichofanya, vipimo alivyopata, na kilichoshindikana. Kilichofutwa kikatwe kwa mstari mmoja ili kisomeke. Mwalimu atie sahihi kila wiki. Daftari lililoandikwa usiku wa kuamkia ukaguzi hutambulika kwa urahisi: wino ni mmoja, mwandiko ni mmoja, na hapana kosa hata moja ndani yake.

Sehemu ya pili ni maswali ya ana kwa ana. Dakika tano kwa kila mwanafunzi zinatosha. Aulizwe jambo moja la kazi yake mwenyewe na jambo moja la kazi ya mwenzake. Aliyetengeneza fremu aulizwe kwa nini vizibo vina kipenyo fulani. Mwanafunzi aliyeshiriki kweli katika kundi atajua kwa nini mwenzake aliamua alivyoamua, hata kama hakukishika kisu yeye mwenyewe.

Sehemu ya tatu ni tathmini ya wenzake. Kati ya njia za kugeuza tathmini hiyo kuwa alama, mojawapo ilichapishwa na Judy Goldfinch na Robert Raeside nchini Uingereza mwaka 1990, na zipo nyingine nyingi zilizofuata. Njia ifuatayo ni nyepesi kutumia darasani. Kila mwanafunzi hupewa pointi 40 awagawie wenzake wanne kwa siri, bila kujipa mwenyewe. Wote wakichangia sawa, kila mmoja atapata pointi 40. Pointi alizopata zikigawanywa kwa 40 hutoa kipeo cha mchango wake.

Mwalimu asiwaachie wanafunzi wagawe pointi kwa mapenzi. Awape mambo ya kutazama: alitimiza kazi aliyoahidi kwa wakati? Alisikiliza na kujibu wenzake kwa heshima? Aliwakumbusha wengine ratiba? Alikataa kazi mbovu? Alikuwa na ujuzi unaohitajika, au alijitahidi kuupata?

Na ichukuliwe kwamba kundi la pampu limepata alama 60 kati ya 100, na pointi za wenzao ni: A 48, B 44, C 42, D 38, E 28. Vipeo vyao ni 1.20, 1.10, 1.05, 0.95 na 0.70. Ili tathmini ya wenzao isiwe na nguvu kupita kiasi, nusu ya alama ya kundi hupewa kila mtu sawa, na nusu nyingine huzidishwa kwa kipeo:

A: 30 + 30 × 1.20 = 66
B: 30 + 30 × 1.10 = 63
C: 30 + 30 × 1.05 = 61.5
D: 30 + 30 × 0.95 = 58.5
E: 30 + 30 × 0.70 = 51

Ikiwa alama ya kufaulu ni 55, mwanafunzi E ameanguka.

5. Tahadhari: kipimo nacho hupimwa

Kila mwanafunzi wa sayansi anajua kwamba chombo cha kupimia kinaweza kuwa na hitilafu. Tathmini ya wenzake ni chombo, na hitilafu zake zinajulikana. Marafiki hupeana pointi. Msemaji hodari huonekana mfanyakazi hodari. Msichana aliyepewa kalamu siku ya kwanza, kwa kuwa wenzake walidhani uandishi ndio kazi yake, huhesabiwa kuwa hakugusa chuma, ilhali hakupewa nafasi ya kukigusa. Na aliyefanya kazi mahali ambapo wengine hawakuwapo huhesabiwa kuwa hakuwapo.

Kwa sababu hiyo pawe na sharti: kipeo chochote kinachozidi 1.15 au kilicho chini ya 0.85 kisikubaliwe mpaka mwalimu akilinganishe na madaftari na maswali ya ana kwa ana. Katika mfano huu wako wawili, A na E.

Mwalimu analifungua daftari la E. Anakuta jedwali la siku tisa. E anaishi mbali na shule, na hakuweza kubaki jioni karakana ilipofunguliwa. Alichukua mpira wa tairi nyumbani, akakata vizibo 31, akapima kila kimoja, akavitupa 9 vilivyokuwa chini ya milimita 19 au vilivyobana, na 22 vilivyobaki ndivyo vilivyofungwa kwenye kamba. Anapoulizwa kwa nini alivitupa vile tisa, anaandika ubaoni hesabu ya asilimia 19 na asilimia 5. Upande wa A, daftari linaonyesha michoro mizuri na wiki mbili tupu. Wenzake walimwona A kila siku karakana. Vizibo vya E vilikuwa ndani ya bomba, ambako hakuna anayeviona. Lakini bila vizibo hivyo ndoo isingejaa kwa wakati.

Hapa mwalimu asibadilishe alama kimyakimya. Awakutanishe wote watano, madaftari yawekwe mezani, kila mmoja aeleze kazi yake, kisha wagawe pointi upya kwa siri. Na ichukuliwe kwamba safari hii matokeo ni A 42, B 43, C 41, D 36, E 38. Alama zao sasa ni 61.5, 62.25, 60.75, 57 na 58.5. Jumla ya alama za kundi haikubadilika. Ni 300 kama ilivyokuwa mwanzo. Kilichobadilika ni haki. E amefaulu, naye A amejua kwamba kuonekana si sawa na kutenda.

Ni dhahiri pia kwamba kikao hicho kisingesubiri wiki ya 10. Tathmini ya wenzake ifanywe mara mbili: mara ya kwanza katikati ya mradi, bila alama, ili kila mmoja ajue anavyoonekana na apate muda wa kujirekebisha, na mara ya pili mwishoni, kwa alama. Kama kundi hili lingefanya hivyo wiki ya 5, wenzake wangejua mapema E alipokuwa akifanya kazi, na huenda wangempelekea msaada.

6. Alama ya kundi itokane na nini?

Alama 100 za kundi zaweza kugawanywa hivi: mahitaji yanayopimika, 15, michoro na hesabu, 20, kifaa na matokeo ya majaribio, 30, ratiba na jinsi ilivyofuatwa au kurekebishwa, 15, ripoti, 20.

Katika fungu la kifaa, mwalimu atofautishe kushindwa na kudanganya. Kundi ambalo pampu yake inajaza ndoo kwa dakika 3 badala ya 2, likaonyesha vipimo vya kweli na kueleza maji yanavuja wapi, limefanya uhandisi. Kundi lililolipia fundi wa mjini alitengeneze gurudumu, likaleta pampu inayong'aa na daftari tupu, halikufanya uhandisi. Likipewa alama nyingi kuliko la kwanza, shule itakuwa imewafundisha wanafunzi wote kwamba ukweli hauna faida. Mwanafunzi aliyejifunza hivyo ndiye atakayetia sahihi kesho kwenye vipimo vya nondo za jengo ambavyo hakuvipima.

Hakika, kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini ili vidole vifanye kazi pamoja, kila kimoja lazima kijulikane kinashika wapi.

Maswali ya kujipima

1. Kundi lina watu 7. Tafuta idadi ya jozi za mazungumzo. Kundi hilo likigawanywa kuwa la watu 3 na la watu 4, yenye mjumbe mmoja kila upande anayezungumza na mwenzake, idadi hiyo itakuwa ngapi?

2. Bomba lina kipenyo cha ndani cha milimita 25, na kamba inakwenda mita 0.8 kwa sekunde. Pasipo kuvuja, ndoo ya lita 20 itajaa kwa sekunde ngapi?

3. Wanafunzi wanne wamegawiana pointi 30 kila mmoja kwa wenzake watatu. Waliyopata ni 36, 33, 30 na 21. Alama ya kundi ni 64. Tafuta alama ya kila mmoja kwa kanuni ya nusu kwa nusu. Je, ni vipeo vipi vinavyohitaji kuchunguzwa kabla ya kukubaliwa?

4. Chagua mradi mmoja unaoweza kufanyika shuleni kwako. Andika kazi zake tano, na kwa kila kazi andika ushahidi utakaoonyesha kwamba imekwisha. Mpe mwenzako asome. Akiweza kubisha kuhusu ushahidi wowote, uandike upya.

Majibu: (1) 21, 10. (2) Sekunde 51 hivi. (3) 70.4, 67.2, 64 na 54.4, kipeo cha 1.20 na cha 0.70.